Katuni inapomliza mtoto

Juzi kwenye basi la kutoka Njombe kwenda Makambako, mama mmoja alimpa mwanawe wa miaka 3 simu aangalie katuni. Ghafla mtoto akalia. Nikachungulia: hakuna zimwi, ila msitu umekuwa mweusi na ngoma zinadunda.

Watengenezaji hukusudia hivyo. Mwaka 1928, Steamboat Willie ya Walt Disney ilioanisha muziki na mwendo wa picha. Mwaka 1932 Flowers and Trees ikaja na rangi kamili. Kwetu, Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi, ilifuata michoro ya rangi kali aliyoianzisha Edward Tingatinga, nayo Ubongo Kids ya Dar es Salaam hufundisha hesabu kwa nyimbo. Rangi na muziki humfikia mtoto kabla hajaelewa hadithi.

Akiogopa, usimcheke. Zima sauti, rudieni kipande hicho pamoja, mwulize anaona nini. Shirika la Afya Duniani linashauri miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku mbele ya skrini. Chini ya miaka 2, asiwekewe kabisa.

Yule mama alizima simu, akamwimbia mwanawe. Tulifika Makambako amelala.