Ukungu wa Kilimanjaro na Chumvi ya Pangani



Wahariri wameniomba mwaka huu niandike juu ya mazingira. Mambo haya yameandikwa sana, na mara nyingi huandikwa kwa lugha ya mabango. Mimi nitazungumzia maji ya mto wetu huu wa Pangani, na watu wanaopanda mlimani kuchunguza yanakotoka.

Mto huu hauanzii Tanga. Mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na sehemu kubwa ya maji yake hushuka kutoka milima ya Kilimanjaro na Meru. Yakitoka bwawani hunywesha mashamba, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani Falls, ndipo yanapotufikia sisi tulio mwisho wa mstari. Anayekaa mwisho hupata kilichobaki. Mto ukipungua nguvu, bahari nayo haikai ikingoja. Maji ya chumvi hupanda mtoni, na minazi ya kingoni huwa ya kwanza kutoa habari.

Sasa muulize mtu yeyote barazani kwa nini maji yanapungua. Atakujibu: theluji ya Kilimanjaro inakwisha. Ni kweli inakwisha. Mwaka 1912 barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 12 kileleni. Mwaka 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Lakini kusema kwamba barafu ndiyo mama wa mto wetu ni dhana potofu, na imetupoteza njia kwa miaka mingi. Barafu ile huchangia maji kidogo sana. Mama wa mto ni msitu.

Hapa naomba mnivumilie kidogo. Juu kabisa ya msitu wa Kilimanjaro, kabla hujafika kwenye vichaka na mawe, ipo miti ya jamii iitwayo Erika, yenye majani membamba kama sindano, matawi yake yamevikwa ndevu za kuvumwani. Eneo hilo lina ukungu karibu kila siku. Ukungu ukipita penye uwanda mtupu, unapita tu, umekwenda zake. Ukipita penye miti ile, unachanwa kama nywele kwenye kitana: kila sindano inashika tone, tone linadondoka, ardhi inakunywa. Kwa hiyo mti wa huko unapokea mvua kama miti yote, na juu ya hapo unavuna maji ambayo bila yeye yasingeanguka kabisa. Mti ule ukiungua, mavuno hayo yanakwisha siku hiyo hiyo.

Na umeungua. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, wa Chuo Kikuu cha Bayreuth nchini Ujerumani, ameutafiti mlima huu kwa miongo kadhaa. Mwaka 2005 alichapisha jambo lililowashangaza wengi. Watu walidhani dunia ikipata joto miti itahamia juu, kufuata baridi. Kilimanjaro alikuta kinyume chake: mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita, kwa sababu tangu mwaka 1976 hali ya hewa imekuwa kavu zaidi na moto umekuwa mwingi na mkali zaidi. Kwa hesabu zake, kiasi cha kilomita za mraba 150 za msitu wa ukungu ziliteketea katika miongo mitatu, na mlima ulipoteza karibu theluthi moja ya msitu wake wote katika miaka 70, juu kwa moto na chini kwa kufyekwa. Hivi nani aliyewahi kutuambia habari hizi? Picha ya theluji iko kwenye kalenda, kwenye chupa za maji, kwenye kila kitu. Picha ya mti wa Erika sijaiona hata dukani Moshi.

Basi hebu tujiulize: kosa ni la nani, la watu au la hali ya hewa? Wapo wanaosema ni hewa chafu ya viwanda vya Ulaya na Marekani, sisi tumeonewa tu. Wapo wanaosema ni warina asali na wachoma mkaa, wafukuzwe. Kila upande umeshika ukweli nusu na kuugeuza fimbo. Moto wa mlimani mara nyingi huwashwa na mkono wa mtu. Arinaye asali hutumia moshi, na kijinga kimoja kikiachwa kinatosha. Lakini mkono ule ule ulikuwako zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa kijinga kinaangukia majani makavu. Moto wa Oktoba 2020, uliowaka zaidi ya wiki moja huku watu wakiupiga kwa matawi, uliwaonyesha wengi jinsi ilivyo vigumu kuuzima ukishashika.

Haya si maneno ya barazani. Mwaka 2019 kundi kubwa la watafiti lilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya maeneo 60 waliyoyapima Kilimanjaro, kuanzia nyika ya chini hadi juu kusikoota miti. Waliona kwamba hali ya hewa na matumizi ya ardhi, vikitazamwa katika kuathiriana kwake, vilieleza kwa wastani asilimia 54 ya tofauti za viumbe na kazi za mazingira. Vikitazamwa kimoja kimoja, asilimia 30 tu. Tena, kuongeza ukali wa kilimo kuliua aina nyingi zaidi za mimea na wanyama kwenye nyika kavu za chini kuliko kwenye miteremko yenye mvua. Mimi nasoma hapo kwamba kihamba cha Mchagga, chenye migomba, kahawa na miti mirefu juu yake, hakistahili lawama sawa na shamba lililofyekwa wazi mahali pakame. Anayewaweka wote kapu moja hajapima.

Ndiyo maana sipendezwi sana na sherehe zetu za kupanda miti. Mgeni rasmi anashika jembe, anapigwa picha, na mche unakufa kwa kiu kabla ya mfungo. Mti uliokwisha kusimama miaka mia ukiwa unachana ukungu hauombi picha. Unaomba mlinzi, na jirani mwenye mzinga wa kisasa asiohitaji kuurina kwa moto. Fedha ya miche ingenunua mizinga mingapi?

Wengine mtaniuliza watafiti hawa ni watu gani. Wengi katika makundi kama hayo wamekwisha kupata shahada ya uzamivu, yaani udaktari wa elimu, na bado wanakaa miaka miwili mitatu porini wakipima matone na kuhesabu wadudu. Ni kama mtu aliyekwisha kukhitimu na bado anarudi kuketi mbele ya sheikh wake. Jambo linaloniuma ni kwamba majina yanayoongoza katika karatasi hizo ni ya Wajerumani. Siwalaumu, wao walikuja na sisi tulikuwa tumelala. Lakini anayepima ndiye anayeulizwa, na anayeulizwa ndiye anayesikilizwa siku ya kugawa maji. Sisi wa mwisho wa mto tutasikilizwa kwa hoja gani?

Visima vya mtaani petu vinaonja chumvi tofauti kiangazi na masika. Kipimo cha chumvi cha mkononi si ghali, nitakitafuta, na chupa safi zipo. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaotaka kuchukua maji ya visima vitano, mara moja kila mwezi, na kuandika tarehe, kisima na kipimo bila kuruka mwezi, waje kwangu Jumamosi baada ya adhuhuri. Kila mmoja aje na daftari lenye mistari.