SHANGAZI ANAJIBU: Tumezaliwa tumbo moja, je, na mimi?

Mpendwa Shangazi,
Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Kirumba, Mwanza. Nilikuwa na kaka mmoja tu. Alihamia Nairobi, na mwaka jana akaniandikia kwamba tangu utotoni alijijua kuwa ni mwanamke, na sasa anaishi hivyo. Baba amekataza asitajwe nyumbani. Shangazi, usingizi umenipotea. Mimi nami sipendi magauni, napenda kupiga kasia, na mwaloni huniita jikedume. Desemba wanakuja kunichumbia. Je, yaliyo ndani yake yako ndani yangu pia?
Mwenye Mashaka

Mwenye Mashaka mpendwa,
Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nianze na kasia. Huku ziwani wanaume huvua, wanawake huanika dagaa na kuuza. Hiyo ni desturi ya kugawana kazi, si kipimo cha jinsia. Wapo akina mama wenye mitumbwi yao na wavuvi wa kuajiri, na nyumbani wanaitwa mama kama kawaida.

Kuhusu damu, mwaka 2012 madaktari wa Ubelgiji walichapisha taarifa za mapacha ambao angalau mmoja wao alikuwa na hali ya nduguyo. Katika jozi 23 za mapacha wa kufanana, jozi 9 wote wawili walikuwa hivyo. Katika jozi 21 za mapacha wasiofanana wa jinsia moja, haikupatikana hata moja. Ni watu wachache, lakini utaona kwamba damu huenda ina neno, ila haiambukizi ndugu kama surua. Nanyi si mapacha.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba nimekujibu. Acha magauni, jiulize hivi: ukiitwa dada, ukiitwa binti, moyo wako husikia kwamba umeitwa wewe, au mtu mwingine? Wengi wenye hali hiyo husimulia uchungu wa miaka mingi, kabla ya kusikia habari za mtu yeyote. Wako, kama nilivyokusoma, ulianza barua ilipofika. Huenda unachokiita mashaka ni msiba: umempoteza kaka na hukuruhusiwa kulia. Kama ni zaidi ya hapo, utajua taratibu. Desemba inaweza kusogezwa. Mwambie mama kwamba hujawa tayari, inatosha.

Baba ana hofu, na labda aibu. Siku akitulia, ajue kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hiyo katika orodha ya maradhi ya akili. Wala nduguyo si wa kwanza. Kenya hiyo hiyo, Audrey Mbugua alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2014 ikaliamuru Baraza la Mitihani libadili jina kwenye cheti chake.

Lakini usiyatangaze haya, hata kwa shoga yako wa karibu. Maneno ya mwaloni husafiri kuliko dagaa, na siri hii ni ya nduguyo, anaweza kuumizwa kwayo.

Umeandika "nilikuwa na kaka". Neno kaka ndilo linalokukwama, nami nakuelewa. Bahati nzuri Kiswahili chetu hakitusumbui sana: yeye ni yeye, na ndugu ni ndugu. Mjibu basi. Anza na habari za mama, na bei ya dagaa msimu huu.