Bi. ni Heshima, Si Hati ya Ndoa

Juma lililopita, katika ofisi moja ya umma, karani aliniandika “Bw.” bila kuniuliza lolote. Mwanafunzi wangu wa kike aliyenifuata kwenye foleni aliulizwa mbele ya watu: “Umeolewa, au niandike Miss?” Alikuwa amefuata nakala ya cheti tu.

Swali hilo si la Kiswahili. Lugha yetu ina “Bi.”, ufupisho wa “bibi”, neno lenye asili ya Kiajemi lililomaanisha mwanamke mwenye hadhi. Pwani lilikaa pamoja na “Mwana”, kama katika jina la Mwana Kupona, na “Siti”, la Kiarabu. Binti Saad wa Unguja alizaliwa akaitwa Mtumwa. Alipofariki mwaka 1950, dunia ilimjua kama Siti, yaani bibi mtukufu. Hakupewa hadhi hiyo na mume. Aliipata kwa sauti yake. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alianza kuwaongoza wanawake wa TANU mwaka 1955 akiwa hajatimiza miaka thelathini. Hakuitwa Bibi kwa kuwa na wajukuu, na Mohamed lilikuwa jina la babaye.

Najua nitajibiwa kwamba maana zimehama: kwa wengi Tanzania bibi ni nyanya, na kwa wengi Kenya na Kongo ni mke. Ni kweli. Lakini hata “bwana” ni mume, na sijaona karani anayedhani “Bw.” ni mume wa mtu.

Wengine watasema, basi tuwaite “mama”, hakuna heshima iliyozidi hiyo. Nyumbani, naam. Kikaoni, mwanamume ni Mkurugenzi au Dokta, na mwanamke mwenye cheo hichohicho ni “mama”. Mkurugenzi huulizwa kuhusu bajeti. Mama huulizwa kama chai imefika.

Ndugu watumishi wa umma, lifuteni swali hilo. Andikeni “Bi.” na jina lake mwenyewe; akiwa na udaktari, andikeni “Dk.” kama mnavyomwandikia mwanamume. Nanyi wanafunzi wangu, mkiulizwa dirishani kama mmeolewa, mwulizeni karani kwa adabu: cheti ninachofuata ni cha masomo au cha ndoa?