Barua za Bwana Darwin na Adabu ya Kumjibu Mpinzani



Mwezi huu naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Miaka miwili iliyopita, katika darasa la jioni hapa Bukundi, kijana mmoja aliyekuwa likizo kutoka shule ya sekondari aliniuliza juu ya elimu ya mageuko ya viumbe aliyofundishwa huko. Nilimjibu upesi, mbele ya wenzake, kwamba yuko Mzungu mmoja aitwaye Darwin aliyedai kuwa binadamu amezaliwa na nyani hawa hawa tunaowafukuza mashambani. Basi atakaye nyani awe babu yake, na amchukue. Watoto wakacheka sana. Kijana yule hakucheka. Siku ya pili alikuja na kitabu chake cha shule, akanionyesha kwa heshima kwamba sivyo alivyosema mtu yule. Alilosema ni kwamba mtu na nyani wametokana na asili moja ya kale, ambayo leo haipo tena. Nikamwambia afunge kitabu. Akafunga. Tangu siku ile hakukanyaga darasani kwa muda wa mwaka mzima, na mama yake aliponiuliza sababu, niliona haya kumweleza.

Wako watakaosema, ya nini kujisumbua na maneno ya Mzungu aliyekufa zamani? Jawabu ni kwamba jambo hili liko mlangoni petu. Mwaka 1871 Darwin aliandika katika kitabu chake kuwa yaelekea wazee wa kale kabisa wa wanadamu waliishi Afrika. Tarehe 17 Julai 1959 Bibi Mary Leakey akaona fuvu la kale katika bonde la Oldupai, katika nchi ya Ngorongoro inayopakana na wilaya yetu ya Meatu. Walilipa jina la Zinjanthropus, na hiyo "Zinj" ni jina ambalo Waarabu wa kale waliiitia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1978 zikafukuliwa nyayo za Laetoli, ambazo wataalamu wazihesabu kuwa na umri wa miaka milioni tatu na zaidi. Mambo hayo yamo katika masomo ya watoto wetu, na maswali yake huja nyumbani pamoja na daftari. Mzazi asiyekuwa na la kujibu hupandisha sauti, nami nilikuwa mmoja wao.

Baada ya mwaka ule nilimwendea kijana kwao, nikamtaka radhi. Nikamwomba jambo moja, kwamba tusiyasome yaliyosemwa na watu juu ya Darwin, bali tuyasome aliyoyasema yeye mwenyewe. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, hakinifikishi mbali. Basi yeye alikuwa akisoma kutoka katika simu yake na kunifasiria, nami nikisikiliza na kuuliza. Tulichokichagua ni barua. Kitabu mtu hukiandika hali amejipamba, lakini katika barua kwa rafiki huonekana alivyo.

Barua za mtu huyu zijulikanazo, alizoandika na alizoandikiwa, zapita 15,000, na chuo kikuu cha Cambridge kilizipiga chapa katika majuzuu 30, kazi iliyoanza kutoka mwaka 1985 na kukamilika mwaka 2023. Alikuwa mgonjwa mara kwa mara, akikaa katika kijiji kiitwacho Down, na posta ndiyo iliyokuwa miguu yake. Aliwaandikia wafuga njiwa, watunza bustani, askari na mabaharia, akiwauliza habari ndogo ndogo ambazo mtu mwingine angeona haya kuziuliza. Katika Januari 1844 alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker, mjuzi wa mimea, kwamba ameanza kuona kuwa aina za viumbe si zenye kudumu bila ya kugeuka, na kuyasema hayo kwake ni kama kuungama kuwa ameua mtu. Kisha akakaa miaka mingine kumi na tano kabla ya kutoa kitabu! Mimi nilidhani ni mtu mwepesi wa ulimi. Mwepesi wa ulimi nilikuwa mimi.

Barua iliyomtikisa kuliko zote ilimfikia mwezi wa Juni 1858. Ilitoka Ternate, kisiwa cha Waislamu wenye sultani wao katika nchi iitwayo leo Indonesia, na aliyeiandika ni Alfred Russel Wallace, Mwingereza maskini aliyekuwa akikusanya ndege na vipepeo ili apate riziki. (Mkono wake wa kulia katika kazi hiyo alikuwa kijana wa Kimalay aitwaye Ali, aliyempigia ndege wengi, vitabu vingi humpita bila ya kumtaja.) Ndani ya barua ile mlikuwa na fikira ile ile ambayo Darwin alikuwa ameiweka sandukuni kwa miaka ishirini, ya kwamba viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi, hutofautiana kidogo kidogo, na wale waliofaa zaidi kwa mahali pao ndio wabakiao na kurithisha maumbile yao. Angaliweza kuichoma barua ile, na hapana mtu ambaye angalijua. Badala yake aliipeleka kwa Charles Lyell kama Wallace alivyoomba, akaandika kwamba ni heri kwake kukichoma kitabu chake chote kuliko kudhaniwa kuwa ametenda jambo la unyonge. Rafiki zake wakakata shauri maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja mbele ya chama cha wataalamu London, tarehe 1 Julai 1858. Darwin hakuwapo, siku zile alikuwa akimzika mwanawe mchanga. Wala Wallace hakuwapo, tena hakuulizwa, maana alikuwa mbali na posta ni ya miezi. Hilo la kutoulizwa mimi naliona ni upungufu katika uadilifu wao, ingawa Wallace mwenyewe hakulilalamikia.

Kitabu kikatoka Novemba 1859. Sasa sikilizeni barua ya mwalimu wake, Adam Sedgwick, mtaalamu wa miamba na kasisi wa Kikristo, ambaye mwaka 1831 alimchukua Darwin kijana kutembea naye katika milima ya Wales akimfundisha kuisoma ardhi. Alimwandikia kwamba amekisoma kitabu kwa uchungu zaidi kuliko furaha. Kwamba zipo sehemu alizozisifu, na zipo alizozicheka hata mbavu zikamuuma. Na kwamba anaogopa fikira hizi zitawaondoa watu katika kumwona Mungu nyuma ya maumbile. Hakuficha hata neno moja. Lakini mwisho wa barua alijiita rafiki yake wa zamani mwenye moyo wa kweli, akataja matumaini kuwa watakutana peponi. Na mwanafunzi alimjibu kwa adabu, bila ya kuacha rai yake.

Hapo nilimwambia kijana asimame kidogo. Nilikuwa nafikiri juu ya ile siku ya kicheko. Mwalimu yule alikuwa na hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi, ila yeye alikisoma kitabu kwanza.

Katika barua nyingine, ya Mei 1860, Darwin alimwandikia Asa Gray wa Marekani, mjuzi wa mimea aliyeshika sana dini yake ya Kikristo na huku akiikubali elimu ya mageuko. Alimwambia kwamba hakukusudia kuandika kama mkanushaji wa Mungu, lakini haoni wazi kama wengine waonavyo dalili za hekima na rehema katika kila kitu. Haingii akilini mwake kwamba Mungu mwenye rehema angeumba kwa makusudi nyigu wale ambao mabuu yao hula viwavi wangali hai. Tena, katika barua hiyo hiyo, akasema kuwa hawezi kuridhika kwamba ulimwengu huu wa ajabu, na hasa mtu, ni kazi ya nguvu tupu isiyokuwa na akili, na kwamba jambo hili ni zito mno kwa akili ya binadamu. Miaka kumi na tisa baadaye aliandika kuwa mtu aweza kabisa kumwamini Mungu na kuikubali elimu ya mageuko, na kwamba yeye mwenyewe hakupata kuwa mwenye kukanusha kuwapo kwa Mungu. Ni mtu asiyejua. Sisi hatuwezi kuridhika na "sijui" yake, kwani tuna kitabu chetu na Mtume wetu (s.a.w.). Lakini mtu mwenye kuhangaika hivi si yule niliyewachekesha nao watoto.

Hata Wallace, mwenziwe katika fikira ile, alimwacha njiani. Mwaka 1869 aliandika kwamba akili ya mtu haiwezi kuelezwa kwa njia ile peke yake, na kwamba lazima iwepo nguvu ya juu iliyoiongoza. Darwin alihuzunika sana. Kwa insafu niseme kwamba wataalamu wa viumbe wa leo, walio wengi kabisa, hawakumfuata Wallace katika hilo, wala kijana wangu asiende akalitaja katika mtihani kana kwamba ndiyo hoja ya mwisho. Linalonivutia ni lililofuata. Miaka kumi na zaidi baada ya hitilafu ile, Darwin alishughulika kuwaandikia wakubwa mpaka Wallace, aliyekuwa amefilisika, akapewa malipo ya serikali ya paundi 200 kila mwaka.

Na Richard Owen, aliyekishambulia kitabu mwaka 1860 katika gazeti bila ya kutia jina lake, na ambaye Darwin hakupata kumsamehe kwa moyo mmoja! Mwaka 1874 majina ya hao wawili yalikutana chini ya barua moja iliyopelekwa kwa Gavana wa Mauritius, kumwomba awahifadhi kobe wakubwa wa kisiwa cha Aldabra katika bahari yetu hii, waliokuwa wakimalizika kwa kuliwa. Kobe hao wangali wapo kwa maelfu mengi. Walioko kisiwa cha Changuu, Unguja, ni wa ukoo huo, wakianzia na wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

Msidhani adabu hii ni ya kuazima kwa Wazungu. Qur'ani Tukufu huyataja maneno ya wapinzani kwanza, kisha ikayajibu. Hata wale waliosema kuwa hawaangamizwi ila na wakati, usemi wao umehifadhiwa katika Suratul Jathiya. Imam Ghazali alipotaka kuwarudi wanafalsafa alitumia karibu miaka miwili kuvisoma vitabu vyao, naye huku akifundisha wanafunzi mia tatu Baghdad, akaandika kitabu cha kueleza makusudio yao kabla ya kile cha kuwabomoa. Na katika habari hii hii ya mageuko, Sheikh Hussein al-Jisr wa Tripoli ya Sham, katika kitabu chake cha mwaka 1888, hakuziona dalili za wakati wake kuwa ni za kukata shauri. Lakini alisema zikipatikana za yakini, Mwislamu hana la kuogopa, kwani aliyeumba kwa mara moja na aliyeumba kwa daraja ni Mungu yule yule.

Kijana sasa huja kila likizo. Juu ya Nabii Adam (a.s.) nimemwambia itikadi yetu wazi, kwamba Mwenyezi Mungu alimuumba kwa udongo na kumpulizia roho kama Alivyotueleza, na kwamba hilo silipimi kwa mifupa. Aliniuliza, "Na mifupa ya Oldupai, Mwalimu?" Nikamwambia aisome kwa wenye elimu yake, asome vizuri na afaulu, kisha aje anifundishe. Hatujakubaliana katika kila kitu. Likizo ijayo ataleta barua za Hooker, na mama yake amesema atakuja naye asikilize.