Mpira mpya, sura ya kizee



Wiki hii tunarudi kwenye kinga, kwa sababu mpunga na mawese vinaanza kushuka Kasongo, na katika nyumba nyingi mipira imekwisha. Mpira wa 28 unakula pesa ya likelemba, pengine zamu nzima ya mama mmoja. Halafu siku ileile ya kuufunga, kijana anauchafua. Mama mmoja aliuliza kikaoni: nimelipa mpira mweusi unaong'aa, mbona mtoto anaugeuza kizee mbele ya macho yangu?

Jibu tunalijua sote. Kwenye barieri, mwenye mpira mpya anahesabiwa kuwa mwenye pesa. Kinga yake inasimamishwa mbele ya zingine na anaombwa zaidi. Usiku nako, mwizi anaiona hiyo kwanza. Basi kijana anaipaka udongo apite kama wengine. Sisi hatumkatazi. Anayetufanya tufiche mali yetu halali ndiye wa kulaumiwa, si mtoto.

Tunachokataa ni namna wengine wanavyofanya. Tumeona mpira uliokwaruzwa kwa msasa, mwingine umepakwa mafuta ya mawese na vumbi ili ushike uchafu, mwingine umeanikwa juani siku nyingi upauke. Hizo zote zinaua mpira. Mafuta yanaingia ndani, mpira unavimba na kulainika. Jua linaukausha mpaka unapasuka vimistari vidogo ubavuni, na hapo ndipo unapochanika ukiwa na mzigo. Weusi wa mpira nao si rangi ya juu tu: ni masizi ya kiwandani yaliyochanganywa ndani, yanaupa nguvu na kuukinga na jua. Mipira ya kinga za zamani sana haikuwa myeusi, ilikuwa ya kijivu, myeupe au myekundu.

Huko Ulaya kuna watu wanaotunza kinga za babu zao. Mipira yake ya kwanza ilioza, kwa hiyo wananunua mipya iliyotengenezwa kwa mfano wa ile, kisha wanaisugua na kuipaka vumbi ili ilingane na uzee wa chuma. Wao wanaweza kutumia msasa wapendavyo. Kinga yao inalala ndani ya nyumba na kutoka siku ya maonyesho. Ya kwetu inapanda kilima na bidoni za mawese, na usiku wa uchungu ndiyo inayompeleka mama kwenye kituo cha afya. Mpira ukipasuka katikati ya pori, nani atakayemsukuma?

Kwa hiyo vijana watumie udongo mwekundu na maji, basi. Wapake ubavuni kwa kitambaa, waache ukauke, wapanguse kidogo ili usionekane umepakwa leo. Majivu kidogo juu yake yanafifisha ule mng'aro. Wakifika, waoshe kwa maji na sabuni. Wasiguse sehemu inayoshika breki kwenye chuma cha gurudumu. Na bidoni zifungwe vizuri, maana mawese yanayodondoka njiani yanafanya kazi ileile ya kuharibu.

Kuna udanganyifu wa upande wa pili, nao unatuuma zaidi. Sokoni mpira mzee unapakwa dawa ya viatu, unauzwa kama mpya. Mama anayenunua asiangalie weusi. Aukunje ubavu kwa vidole viwili: mpya haufungui vimistari. Atafute vile vinywele vidogo vya mpira ambavyo kiwanda huacha, kwani mpira uliotembea hauoteshi tena. Augeuze ndani aone kama nyuzi zimetokeza, na apapase ukingo wenye waya kama una kutu. Kitambaa cheupe chenye maji kikitoka cheusi sana, arudishe mpira mezani na aondoke. Muuzaji atapiga kelele, mwacheni apige.

Na kwa mabinti wanaouliza kwa nini bibi zao hawakupenda neno mpira: mwaka 1887 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama huko Belfast, alitengeneza mpira wa hewa kwa ajili ya kinga ndogo ya mtoto wake. Ulaya ikataka mpira mwingi, na sehemu yake ilitoka katika mitambaa ya misitu ya Kongo. Chini ya Leopold II, mahali pengi wanawake walifungwa kama rehani mpaka waume zao walete mpira. Utawala ule ulikwisha mwaka 1908.

Kikao kijacho, kila kikundi kilete mpira mmoja mzee na kitambaa cheupe. Tutaukunja na kuupangusa pamoja, kila mama aone kwa macho yake kabla ya kwenda sokoni.