Nyuma ya Mabati Kuna Nini?

Miji yetu imezoea ukuta wa mabati. Usiku mmoja kiwanja kilichokuwa njia ya watoto waendao shule huzungushwa mabati, na kunapopambazuka bawabu ameketi langoni na rungu lake. Malori ya kokoto huingia na kutoka. Akiulizwa kinachojengwa, bawabu hujibu kuwa ameajiriwa kulinda, hakuajiriwa kujua. Simlaumu. Ninaowalaumu ni wale walioajiriwa kujua, nao wakakataa kusema.

Katika mtaa ninakoishi, mabati ya namna hiyo yamesimama kwa miezi saba. Pasipo na habari, uvumi hujenga kabla ya fundi. Wako wasemao ni kituo cha petroli, wengine wasema ni kanisa, na wapo wanaoapa kuwa ni mnara wa simu utakaotuletea maradhi. Mama auzaye mboga mkabala na lango hilo aliniuliza, "Mwalimu, nyinyi mliosoma, hapa panajengwa nini? Nataka nijue kama nitafute pahali pengine pa kuuzia." Swali lake si umbeya. Ni swali la riziki.

Wakazi walituma wajumbe watatu, nami nikiwa mmoja wao, hadi afisi inayohusika. Dirisha la kwanza lilituelekeza la pili, na la pili likatuelekeza kwa afisa ambaye koti lake lilikuwa limetundikwa kitini ilhali mwenyewe hayuko. Tulipompata siku ya tatu, alitwambia: "Jambo hilo linashughulikiwa."

Kazi yangu ni kufundisha isimu, na sentensi hiyo naona inastahili kuchambuliwa. Kitenzi kimetiwa kiambishi -w- cha kutendwa. Kiswahili humruhusu msemaji amtaje mtenda baada ya kitenzi kama hicho: linashughulikiwa na fulani. Afisa wetu aliukata mkia huo. Kisha ipo -na- ya wakati, ionyeshayo tendo linaloendelea bila kudokeza litakoma lini. Na "jambo hilo" lenyewe halikupewa jina. Kwa maneno matatu tu raia ameambiwa kuwa kitu kisichotajwa kinafanyiwa kazi isiyotajwa, na mtu asiyetajwa, hadi siku isiyotajwa. Wanafunzi wangu wangehitaji muhula mzima kutunga sentensi tupu kiasi hicho.

Lau sheria ingekuwa kimya, tungevumilia. Lakini Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaongeza kuwa afisa ajibu ombi katika muda wa siku 21, na kwamba sababu anayoitoa mwombaji haiwezi kumnyima haki hiyo. Aidha, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka aombaye idhini ya ujenzi auarifu umma. Kwa hivyo, kinachokosekana si sheria.

Wapo watakaosema kuwa mwenye ploti ana siri zake. Naam, fedha zake ni siri yake, na hata jina la mkewe hatulitaki. Lakini idadi ya orofa si siri, maadamu zitatuzibia jua. Matumizi ya jengo si siri. Wala maji taka si siri, kwani yatapitia bomba lilelile ambalo tayari hufurika kila msimu wa masika.

Tena historia ya nchi hii yatuonyesha kuwa maswali ya namna hii si ya watu wasio na kazi. Mnamo 1989 Profesa Wangari Maathai alipopata fununu kuwa jumba la orofa 60 lingejengwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, alianza kwa kuandika barua. Aliuliza afisi moja baada ya nyingine. Badala ya kujibiwa, alikejeliwa hadi bungeni. Hatimaye mradi uliachwa, na bustani ikabaki mahali pa umma. Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walikuta ukuta umejengwa katika uwanja wao wa michezo; walipouangusha, walirushiwa vitoa machozi. Watoto! Na mnamo Aprili 2016 jengo la orofa sita liliporomoka mtaani Huruma likaua makumi ya watu, na ndipo tukaambiwa kuwa lilikuwa limekwisha kutambuliwa kuwa hatari. Habari iliyokuwa katika faili haikuwafaa waliolala ndani.

Nasi tumeandika barua yetu. Tuliiandika kwa Kiswahili, na karani akaturudishia akisema, "Wazee, andikeni kwa Kiingereza ndipo ishughulikiwe." Tulimfahamisha kuwa Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha rasmi sawa na Kiingereza, na kwamba sheria ile ya 2016 inasema waziwazi ombi laweza kuandikwa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Isitoshe, inamtaka afisa amsaidie mwombaji asiyeweza kuandika, jambo ambalo yule mama muuza mboga alifurahi kulisikia. Karani alitutazama kwa muda, akaenda kumwuliza mkubwa wake, akarudi na muhuri.

Barua ina maswali manne: ni jengo la aina gani, lina orofa ngapi, idhini ilitolewa lini, na ni nani aliyeitia sahihi. Siku 21 zikipita bila jibu, nakala itakwenda kwa tume ipokeayo malalamiko dhidi ya watumishi wa serikali, na nyingine kwa mwakilishi wa wadi yetu. Wakazi wengine wanaotaka kuiga mfano wa barua hiyo wanakaribishwa.