Si Keshakuwa Daktari?



Mwezi huu nimeulizwa swali moja na akina mama watatu mbalimbali, na kila mmoja kaniuliza kwa mshangao ule ule. Binti wa mtaa wetu kasoma udaktari miaka sita, kafanya kazi ya mafunzo hospitalini mwaka mzima, kaandikishwa, anatibu watu na anapokea mshahara. Sasa mbona yuko Eldoret, takriban kilomita 800 kutoka Mombasa, naye ni mama wa watoto wawili, na tunaambiwa ana mtihani? Si keshakuwa daktari?

Jawabu ni kwamba udaktari una ngazi. Aliyemaliza shahada ya kwanza ni tabibu kamili wa maradhi ya kawaida, lakini bingwa wa maradhi ya ndani ni mtu mwingine. Huyu ndiye anayepelekewa mgonjwa mtu mzima ambaye wengine wamemshindwa: moyo unaochoka, figo zinazokatika, ini lililoharibika, kisukari kilichopanda hadi kwenye macho na miguu, homa isiyojulikana asili yake. Hashiki kisu. Silaha zake ni masikio, mikono, vipimo na ilimu. Ili afike hapo hurudi chuoni kwa miaka kadhaa, akitibu mchana na kusoma usiku, kisha hutahiniwa.

Binti yetu amejiunga na Chuo Kikuu cha Moi, kilichoasisiwa mwaka 1984, ambacho wanafunzi wake wa tiba hufundishwa katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1917 ikiwa ya vitanda vichache, na leo inapokea wagonjwa wa magharibi yote ya Kenya. Ndipo ulipozaliwa mwaka 2001 mpango wa AMPATH, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, wakati Ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza watu na dawa zikiwa adimu. Kwa mwanafunzi wa maradhi ya ndani, hapo ni mahali pa kuona mengi.

Sasa amebakiza majuma machache. Yeye na wenzake wawili, wanawake vilevile, wamepanga nyumba Kaptagat, nje ya mji, kando ya msitu, wajifungie na vitabu. Kaptagat wengi wetu tunaijua kwa sababu ya wakimbiaji. Huko ndiko alikojiandaa Eliud Kipchoge, aliyekimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna Oktoba 2019. Mtu yule ana nyumba na familia Eldoret, na bado kwa miaka mingi amekuwa akiiacha siku za juma akalale kambini, akifanya usafi kwa zamu kama wenzake na kuandika mazoezi yake daftarini. Hakuna aliyemwambia ameitupa familia yake. Nasi tunapomsikia tunampigia makofi. Akiondoka binti yetu kwa sababu kama hiyo, makofi yanageuka minong’ono.

Na kuna jambo la hali ya hewa ambalo mtu wa pwani huliona haraka. Kaptagat iko kiasi cha mita 2,400 juu ya bahari, na msukumo wa hewa huko ni takriban robo tatu ya ule wa Mombasa. Mgeni hupanda ngazi chache akahema. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima hewa ya oksijeni katika damu huonyesha namba ya chini kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Tabibu aliyefundishwa usawa wa bahari lazima azijue namba za mlimani, asije akamwita mzima mgonjwa. Wenye watoto wa sikoseli nao wajue kuwa miinuko na baridi vinaweza kuamsha maumivu yao. Kabla ya kumpeleka mtoto kama huyo bara, ulizeni daktari wake.

Wanasomaje? Nilipoelezwa nilicheka, kwa kuwa ni madrasa tupu. Sisi tuliohifadhi tunajua kwamba anayepitisha macho juu ya msahafu hudhani amehifadhi, mpaka asimamishwe mbele ya ustadhi na kufunga msahafu. Hapo ndipo hujulikana nani anajua na nani anafahamiana tu na ukurasa. Ndiyo maana tukasomeshana wawili wawili, huyu akisoma na yule akisikiliza, tukarudia juzuu ya zamani kabla ya kushika mpya. Na wao hufanya vivyo hivyo. Mmoja hufunga kitabu na kusema: nimeletewa mama wa miaka 30, anahema akilala chali, ana mimba ya miezi sita, na utotoni aliwahi kuumwa viungo kwa homa. Mwenzake lazima ajibu bila kuchungulia: ni nini cha kwanza unachokishuku, utamlaza upande gani usikilize moyo, utasikia nini? (Upande wa kushoto, na mngurumo wa chini unaosikika moyo unapojaa, ishara ya mlango wa moyo uliokakamaa kutokana na homa ile ya utotoni.) Akikosea, swali hilo hurudi kesho, na hurudi tena baada ya siku tatu. Aliyepata, swali lake hungoja juma zima.

Baada ya karatasi za maandishi huja mtihani wa kitandani. Mtahiniwa hupewa mgonjwa wa kweli, amhoji, amkague kuanzia kucha hadi nyayo, kisha asimame mbele ya mabingwa, baadhi yao kutoka vyuo vingine, aeleze alichokiona na atakachofanya. Wanatazama pia kama alibisha hodi, kama alimsitiri mgonjwa, kama alimuumiza na hakuomba radhi.

Miongoni mwa waliyoyarudia juma lililopita ni kisukari na Ramadhani, na hili alinipigia simu kwa kuwa lina upande wa kwetu. Mwongozo wa mabingwa wa dunia huwagawa wagonjwa kwa kiwango cha hatari: kidogo, wastani na kikubwa. Katika hatari kubwa wamo aliyezidiwa vibaya na kushuka kwa sukari ndani ya miezi mitatu iliyopita, anayesafishwa damu kwa mashine, na mjamzito anayejidunga insulini. Hawa huambiwa wasifunge. Anayefunga naye hutakiwa afungue papo hapo sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, hata kama imebaki nusu saa adhana ya Magharibi. Na kuchoma kidole kupima, kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama hizi, hakuvunji swaumu. Mama mwenye kisukari amwone daktari wake majuma sita au manane kabla ya mwezi, kwani dawa zenyewe huenda zikabadilishwa kiasi na saa.

Wako wanaosema mitihani hii ni desturi ya Wazungu. Wanahistoria wetu wa utabibu wameandika kwamba mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, mgonjwa mmoja alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu, na Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu yeyote ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit. Wakatahiniwa zaidi ya 800. Wanasimulia kuwa alikuja mzee mmoja mwenye kanzu nzuri na haiba, akaweka dinari mbele ya Sinan, akakiri kwamba hajui vema kusoma wala kuandika, ila ana familia ya kulisha. Sinan akacheka, akamwachia kwa sharti asiguse asichokijua. Mzee akasema ndiyo desturi yake, havuki sharubati mbili tatu. Kesho yake akaja kijana. Umesoma kwa nani? Kwa baba yangu. Ndiye yule mzee wa jana? Ndiye. Mimi naona Sinan alikuwa mpole mno. Hadithi ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, inajulikana: anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara yake.

Narudi kwa akina mama. Tunapokwenda hospitali na wake zetu, la kwanza tunalouliza ni kama yupo daktari mwanamke. Ni haki yetu kuuliza. Rufaida alitibu majeruhi hemani, katika msikiti wa Madina, na hatujasikia aliyemlaumu. Lakini bingwa mwanamke hatoki mbinguni. Ni binti wa mtu, aliyeachwa asome na nyumba ikambebea mzigo wake. Suala la safari ya mbali ni la kuzungumzwa baina yake, mumewe na wazazi, na kwa huyu limezungumzwa: mumewe anafanya kazi Eldoret na wanakaa pamoja, na Kaptagat huja kila Ijumaa. Kilichobaki ni simu. Shangazi anataka kujua dawa ya goti, binamu ametuma picha ya upele, dada anauliza rangi ya leso za sare; kila simu ni dakika kumi, na baada yake ukurasa huanzwa upya.

Mama yake amelikata shauri. Watoto wako kwake Kisauni. Simu ni moja kwa siku, baada ya Isha, na anayeipiga ni yeye peke yake. Mwenye goti aende zahanati.